Aliyekufa Nje ya Pazia

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha mkikitazama kitasa cha mlango kikigeuka chenyewe. Mmeniandikia barua za lawama, na mhariri anasema kuna mama mmoja amekosa usingizi kwa ajili yangu. Pole, mama. Aliyeingia ni Edeltraud Zschoche, mnong'onezaji wetu, na mkononi alikuwa na sahani ya mikate ya sikukuu.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yako hivi. Tumo ofisini kwa Bwana Volkmar Ahlers, mkurugenzi mpya wa Opera ya Wallenroda. Mbele yake ameketi Gundula Petzold, alto, umri miaka arobaini na saba, msimu wake wa kumi na nne katika nyumba yetu. Pembeni nimeketi mimi, Ekkehard Nauber, besi ya pili ya kwaya na mwakilishi wa wasanii, cheo nilichopewa siku niliyochelewa kikao.

Juu ya meza kuna bahasha. Ndani ya bahasha kuna barua ya kumwachisha Gundula kazi.

Sheria ya majumba yetu inajulikana hata na paka wa bohari. Ukifanya kazi misimu kumi na mitano mfululizo katika nyumba moja, hakuna wa kukugusa tena. Ndiyo maana msimu wa kumi na nne watu hupungua uzito. Mkurugenzi akitaka kukutoa, akutoe wakati huo, na kabla ya kukupa barua ni lazima kwanza akuite akusikilize. Asipokusikiliza, barua yake inafaa kufungia soseji.

Siku ya mwisho ya kufanya hayo ilikuwa leo, tarehe thelathini na moja Oktoba. Ahlers ametoka Bremen, na huko, miaka aliyokulia, hii ilikuwa siku ya kazi. Kwetu ni sikukuu ya Matengenezo ya Kanisa. Katibu wake alikuwa kwa mama yake tangu jana, kwa hiyo Ahlers alijipikia kahawa mwenyewe, mbaya sana, na muhtasari aliuandika kwa mkono wake.

"Bi Zschoche," alisema, "kikao hiki ni cha faragha."

"Najua," alisema Edeltraud, akaweka sahani juu ya bahasha. "Kula, baba. Ule wa jamu nyingi ni wako. Halafu uiweke barua yako mfukoni, maana huyu unayetaka kumfukuza ameshamaliza misimu kumi na mitano."

Ahlers alihesabu kwa vidole. Alihesabu kweli, kidole kimoja kimoja, maana ni mtu makini.

"Kumi na minne," alisema.

"Kwenye karatasi zako." Edeltraud alitoa kitabu kwapani. "Kwenye hiki ni kumi na mitano."

Kitabu hicho nakijua. Miaka ishirini na tisa Edeltraud amekaa katika shimo lake mbele ya jukwaa, akiwanong'onezea waimbaji maneno wanayoyasahau, na baada ya kila onyesho huandika nani ameimba, nani amesahau, na nani amemtemea mate usoni alipofika kwenye noti ya juu. Maonyesho yetu yote ya nyuma yamo humo. Jalada lake limefungwa kwa utepe wa soksi.

Alifungua katikati, akasoma kwa sauti ya kazini, ile isiyofika safu ya pili.

"'Mjane wa Daraja la Chumvi', onyesho la kwanza. Petzold badala ya Thiele. Amefia upande usio wake. Pazia limemwacha nje."

Ahlers aliweka kalamu chini. Uso wake ulibadilika, na kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu alionekana mtu aliyewahi kuwa mtoto.

"Yule maiti?" aliuliza. "Maiti wa Wallenroda? Hata Bremen tunamjua."

Kila mtu anamjua. Yule mjane alipaswa kufa nyuma ya mstari mwekundu, pazia la chuma lishuke mbele yake, besi wanne tuingie na jeneza tumbebe. Akafia mbele ya mstari. Pazia likashuka nyuma yake. Watu mia sita wakabaki wanatazamana na maiti, na maiti naye akavumilia dakika nzima, kisha akainuka, akakung'uta magoti, akatokea mlango wa watazamaji. Mzee mmoja alimwambia pole.

"Lakini yule alikuwa Roswitha Thiele," alisema Ahlers. "Mwimbaji wetu wa Heshima. Hata ratiba ya onyesho inasema hivyo."

"Ratiba huchapwa wiki mbili kabla," alisema Edeltraud. "Mtu huugua siku hiyohiyo."

Ahlers alimgeukia Gundula. "Bi Petzold, ulikuwa wewe?"

Hapa ndipo nilipoachia mkate wangu. Jibu lilikuwa neno moja, na hilo neno lilikuwa kazi yake, kitanda chake na bustani yake ndogo nyuma ya reli. Kwa umri wake hakuna nyumba nyingine ingemchukua, na yeye alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Hapana," alisema Gundula. "Si mimi."

"Gundula, wewe," alisema Edeltraud.

"Si mimi, Traudel. Kula mkate."

Ahlers akaandika. Tulisikia kalamu ikikwaruza. "Na hata kama angekuwa yeye," alisema bila kuinua kichwa, "mgeni wa jioni moja hahesabiwi msimu. Mwakilishi wenu atathibitisha."

Nilithibitisha. Ndiyo kazi yangu, kuthibitisha mambo yanayotuumiza.

"Jioni moja?" Edeltraud alilamba kidole, akafunua. "Onyesho la pili, Petzold badala ya Thiele. La tatu, Petzold badala ya Thiele. La nne, Petzold, na mwongoza okestra alikuwa amelewa. La tano, Petzold." Alifunua, akafunua. "La kumi na tisa, Petzold badala ya Thiele. Maua saba. Msimu mzima, Bwana Mkurugenzi."

Wasomaji wangu, hapa naomba radhi. Wiki sita nimewasimulia habari hizi na hili nimewaficha. Nililijua. Nyumba nzima ililijua.

Msimu ule Roswitha Thiele aliota vinundu kooni, naye pia alikuwa katika msimu wa kumi na nne. Mkurugenzi wa wakati ule angempa barua asubuhi yake. Bahati ilikuwa moja tu: mwongozaji wetu wa jukwaani, kijana wa Berlin, alikuwa na wazo la kisanii. Wazo lenyewe lilikuwa kuwavisha waimbaji wote vinyago vya kichwa kizima, mjane, padri, hata farasi. Mwongozaji hakujua tofauti ya alto na tarumbeta. Nasi tukamwingiza Gundula, aliyekuwa amekuja kwetu kushika bendera tu nyuma ya jukwaa, ndani ya kinyago cha Roswitha. Tulikula kiapo, watu arobaini na wanane, mbele ya mashine ya kahawa.

Gazeti liliandika kwamba Thiele hajawahi kuimba vile maishani mwake, na hilo lilikuwa kweli tupu. Mwisho wa msimu serikali ya jimbo ikampa cheo cha Mwimbaji wa Heshima. Mwaka uliofuata Roswitha alipona, akamwombea Gundula mkataba. Tangu hapo Roswitha anaimba wajane na malkia, Gundula anaimba wayaya na mama wakwe. Wale arobaini na wanane wamestaafu, wamehama, wamekufa. Waliobaki tulikuwa wachache, na wote walikuwa na adabu ya kunyamaza.

"Kitabu cha mnong'onezaji si mkataba," alisema Ahlers.

"Sheria inamhesabu nani?" aliuliza Edeltraud. "Aliyetangazwa au aliyefanya kazi?"

Ahlers alifikiri. Yule ni mtu wa sheria, hawezi kudanganya juu ya sheria, hata ikimchoma. "Aliyefanya kazi," alisema.

"Iandike hiyo."

Akaiandika. Akaipigia na mstari. Kisha akainuka, akachukua bahasha chini ya sahani, ikiwa na doa la siagi pembeni. "Basi twende tukamuulize Bi Thiele. Yuko chini."

*

Chini kulikuwa na sherehe. Saa kumi kamili ilikuwa ianze hafla ya miaka thelathini ya Roswitha Thiele jukwaani, na ukumbi wa kuingilia ulijaa maonyesho yetu ya zamani: masanamu yamevalishwa nguo za opera zilizopita, mabango ya miaka arobaini, panga za mbao, na kichwa cha yule farasi. Milango ya nje ilikuwa bado imefungwa. Nyuma ya vioo watu wa Wallenroda walikuwa wamekwisha kupanga foleni, wamevaa makoti yao ya kanisani.

Roswitha alisimama katikati ya masanamu akifanya mazoezi ya kutabasamu. Alikuwa tayari kavaa gauni la mjane na mtandio mweusi, maana kilele cha hafla kilikuwa yeye kuimba kile kifo kinachojulikana.

"Bi Thiele," alisema Ahlers, "swali dogo. Ule msimu wa vinyago. Aliyekuwa ndani ya kinyago chako ni nani?"

Tabasamu la mazoezi lilibaki mahali pake. Macho ndiyo yaliyotutembelea mmoja mmoja: Edeltraud, mimi, Gundula. Kwa Gundula yalikaa.

"Mimi," alisema. "Nani mwingine?"

"Rosi," alisema Edeltraud, "watamfukuza."

"Traudel, mimi leo naimba. Usinipandishe presha."

Edeltraud alifunga kitabu. Alimgeukia Ahlers, na sauti ikampanda, mwanamke ambaye miaka yote hiyo sijamsikia akipaza sauti. "Mjaribu," alisema. "Siku hizi anaimba kwa Kiitaliano, kama ulivyoagiza wewe. Msimu ule tuliimba kwa Kijerumani, tafsiri ya mwongoza okestra wetu mwenyewe, haijachapwa popote, haikuimbwa tena. Aliyekuwa ndani ya kinyago anayajua maneno. Asiyekuwamo hayajui. Sekunde kumi zinatosha."

Ahlers alilipenda wazo hilo. Mtu wa sheria hupenda jaribio. "Tafadhali, Bi Thiele. Kile kifo. Mwanzo tu."

Roswitha alinyoosha shingo. Mstari wa kwanza aliujua, hata wauza soseji wa sokoni wanaujua, na aliuimba vizuri.

"Chumvi imekula daraja, mume wangu..."

Akanyamaza.

Sijawahi kupenda ukimya kama nilivyoupenda ule. Roswitha alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Aliangalia dari, aliangalia farasi. Ahlers alikuwa tayari anageuza kichwa kwa Gundula. Gundula alikuwa ameokoka. Nilitaka kucheka kwa sauti.

Ndipo ikasikika, taratibu, wazi, ile sauti isiyofika safu ya pili:

"...nami nimebaki na kamba ya kengele..."

"Nami nimebaki na kamba ya kengele," aliimba Roswitha papo hapo.

"...kila nikivuta, ni wewe unaita..."

"Kila nikivuta, ni wewe unaita," aliimba Roswitha, na sauti ikamjaa, na akaenda nayo mpaka mwisho, neno moja nyuma ya Edeltraud, kama ilivyokuwa maisha yao yote.

Edeltraud alishituka mstari wa mwisho ulipokwisha. Aliweka kiganja juu ya mdomo wake mwenyewe. Miaka ishirini na tisa mwimbaji akikwama mbele yake, midomo yake hutangulia kabla ya akili. Yeye aliyeleta kitabu, yeye aliyeleta jaribio, ndiye aliyempa jibu mshitakiwa.

"Sikukusudia," alisema. "Gundula, sikukusudia. Amekwama, nikaona amekwama."

"Najua, Traudel," alisema Gundula. "Umefanya kazi yako."

Ahlers, masikini, alikuwa anatazama midomo ya Roswitha, si ya mnong'onezaji. Na ile sauti yake ya kazini, mtu asiyekaa naye miaka huisikia kama mtu anayepumua. "Anayajua," alisema. "Yote." Akapangusa doa la siagi kwa leso yake, akamnyooshea Gundula bahasha. "Bi Petzold, kwa masikitiko."

Gundula aliunyoosha mkono. Na huo mkono ndio ulionimaliza. Alikunja vidole kama mtu anayepokea chai ya moto, na bado alikuwa anaupeleka.

Mimi si shujaa. Nimeimba besi ya pili maisha yangu yote kwa sababu besi ya kwanza wanaonekana. Lakini mdomo ulifunguka.

"Nilimbeba mara kumi na nane," nilisema.

Bahasha ilisimama hewani.

"Samahani?" alisema Ahlers.

"Yule maiti. Tulikuwa besi wanne. Nilishika upande wa kichwa."

"Maonyesho yalikuwa kumi na tisa, Bwana Nauber."

"Jioni ya kwanza tulibeba jeneza tupu, Bwana Mkurugenzi. Yeye alikuwa nje ya pazia. Zilizobaki ni kumi na nane."

"Na alikuwa amevaa kinyago. Unajuaje ni nani?"

Nilimtazama Roswitha, nikamwomba msamaha kwa macho. "Bi Thiele nimembeba katika opera nyingine tano. Nampenda, namheshimu. Ila msimu ule tulikuwa tunapanda ngazi na jeneza huku tunaimba, wala hatuhemi. Tofauti ni kilo ishirini. Mabega yangu hayawezi kukosea."

Nje mtu aligonga kioo akaonyesha saa yake.

Roswitha aliteremsha mabega. Alionekana mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Basi," alisema. "Ni kweli. Ni yeye. Zote kumi na tisa. Nilikuwa nyumbani na skafu shingoni, nasoma kwenye gazeti jinsi nilivyoimba vizuri." Alimgeukia Gundula. "Nisamehe. Nimeogopa, leo, na watu wote hawa. Mpe haki yake, Bwana Ahlers. Andika."

Edeltraud alianza kulia. Mimi nilijisikia mrefu. Nawaambia ukweli, kwa muda wa nusu dakika nilijiona besi ya kwanza.

Ahlers aliandika, kasimama, karatasi kaiegemeza juu ya kichwa cha farasi. "Bi Petzold, misimu kumi na mitano," alisema akiandika. "Hongera. Hutaondolewa." Kisha kalamu haikusimama. Iliendelea.

"Unaandika nini tena?" niliuliza.

"Hesabu ya pili." Aliinua macho, na sikuona ubaya wowote ndani yake, ndicho kilichonitisha. "Aliyetangazwa hahesabiwi. Anahesabiwa aliyefanya kazi. Mmetaka niandike, nimeandika. Kwa hiyo msimu ule Bi Thiele hakufanya kazi hapa. Misimu yake ya kabla imekatika. Tangu arudi ni..." Alihesabu kwa vidole, kimoja kimoja. "Kumi na minne."

Roswitha alishika bega la sanamu lililokuwa karibu.

"Halmashauri ya mji inataka alto mmoja apungue," alisema Ahlers. "Haikunitajia jina. Leo bado ni tarehe thelathini na moja." Akaitoa barua ndani ya bahasha, akaiweka juu ya farasi, akakata jina la Petzold kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika Thiele. Herufi zake ni nzuri sana. "Mwakilishi yupo. Bi Thiele, una la kusema? Ni lazima nikusikilize."

Roswitha aliliachia bega la sanamu. Alinitazama mimi. Nimeimba mbele ya watu maelfu wala sijawahi kutazamwa vile.

"Mkurugenzi, sherehe ni yake," nilisema. "Watu wamemjia yeye. Hata kesho..."

"Kesho nimechelewa," alisema Ahlers kwa upole, akaiweka barua katika kiganja cha Roswitha, akamfungia vidole juu yake.

Kengele ya kwanza ililia. Mlinzi alifungua milango, na baridi ya nje ikaingia pamoja na makoti, manukato na maua. Wa mbele walimwona Roswitha na mtandio wake mweusi, wakaanza kupiga makofi.

Nilimtafuta Gundula. Alikuwa amesimama palepale. Nilifikiri atalia, atamkumbatia mwenzake, atamwambia Ahlers barua ile airudishe kwake. Wiki sita nimewasimulia uzuri wa moyo wake, na kila nilichosimulia nilikiamini.

Alipita mbele yangu, akapita mbele ya Edeltraud aliyekuwa bado anafuta machozi. Alisimama mbele ya Roswitha, karibu sana, akanyoosha mkono.

"Nipe mtandio, dada," alisema. "Watu wanangoja."